Chupa, Fundi Vioo Aliyeyumba Bila Kunywa

"Nusa!" Chupa alimwambia msimamizi wa ujenzi, akamsogelea mpaka kofia ngumu ya yule bwana ikamgusa paji la uso. "Si umesema nimelewa? Nusa basi, nusa mpaka ushibe."

Akampumulia usoni pumzi ndefu ya chai na mkate wa asubuhi. Waashi walioacha karai zao kuja kutazama wakaangua kicheko. Msimamizi alirudi nyuma, akajipangusa uso kwa kiganja kama aliyetemewa mate, lakini neno lake hakulibadilisha. Alikuwa ameona kwa macho yake mwenyewe. Binti huyu alikuwa anapanda ngazi ya saruji na kioo cha dirisha mikononi, mguu ukatafuta kipandio ukakikosa, mwili ukaenda kushoto, ukarudi kulia, na kioo kikapasukia ukutani. Ilikuwa bahati tu kwamba vipande havikumkata mtu.

"Kama si pombe, ni kitu gani?" msimamizi aliuliza.

Swali hilo ndilo lililomchoma Chupa kuliko tusi lenyewe, maana hata yeye hakuwa na jibu. Akaokota kikatio chake, akaokota tepu yake ya kupimia, akaondoka pale kifua mbele, akiushika ukingo wa ukuta kila alipodhani hakuna anayemtazama.

Jina la Chupa alilipata utotoni, wakati lilipokuwa halina ubaya wowote. Baba yake alikuwa fundi vioo, na karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye meza kubwa iliyotandikwa blanketi kuukuu, ili kioo kikilazwa kisikwaruzike. Binti alipotaka kujifunza kukata, baba hakumpa kioo kizuri aharibu. Alimpa chupa tupu. Akawa anakaa chini ya meza na chupa zake, anazikata shingo, anazikata viuno, na wateja waliokuja kupima madirisha wakawa wanauliza, "Yule Chupa wako yuko wapi leo?" Likaganda. Alipokuwa mkubwa, akakata vioo vya maduka na vya kabati za watu, bado alikuwa Chupa. Hata baba alipofariki na karakana kuangukia mikononi mwa mdogo wake, yaani Baba Mdogo, mkataji wa meza kubwa alibaki kuwa yeye.

Kuyumba kulianzia kwenye sabuni. Asubuhi moja aliinama kwenye beseni kunawa uso, akafumba macho povu lisimwingie, na dunia nzima ikamponyoka. Alijikuta sakafuni, maji yamemwagika, beseni limemfunika kichwa kama kofia. Alicheka. Kesho yake lilimtokea tena, na safari hii hakucheka. Akagundua kwamba macho yakiwa wazi anasimama, lakini akiyafumba tu, miguu haijui ilipo. Nyayo zikawa kama zinakanyaga godoro badala ya sakafu. Taa zikizimika ghafla, anaganda pale pale aliposimama mpaka mtu awashe. Baadaye vidole vikaanza kutetemeka vinapokaribia kitu, na mwishowe ulimi nao ukawa mzito. Maneno yakawa yanatoka yamekokotana, kama ya mtu aliyetoka kilabuni.

Hapo ndipo mtaa ulipokumbuka kwamba chupa ina kazi nyingine.

"Chupa leo imejaa au imekwisha?" walikuwa wanamuuliza.

"Mimi ni chupa ya maji," alikuwa anawajibu. "Nyinyi mnaonusanusa ndio wenye kiu."

Angelibadilisha jina hilo akitaka. Hakutaka. Alisema jina alipewa akiwa mzima, na hao waliolichafua walisafishe wenyewe.

Habari za ngazi ya saruji zilimfikia Baba Mdogo kabla Chupa mwenyewe hajafika. Baba Mdogo alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa anaogopa maneno ya watu kuliko kuchanwa na kioo. Alimngoja mlangoni, mikono imeshikana nyuma.

"Mwanangu," alisema, "kakae nyumbani kidogo. Upumzike."

"Nimechoka nini?"

"Wateja wanasema."

"Wateja wanasema kioo changu hakiingii kwenye fremu?"

"Hapana, hilo hawajasema."

"Basi wanachosema ni porojo, Baba Mdogo, na wewe unanifukuza kwa porojo."

Baba Mdogo alimtazama tu jinsi alivyoshika mwimo wa mlango, na Chupa akajiona ndani ya macho yake: mtu anayeshikilia mlango ili asianguke. Akaondoka bila kuaga.

Nyumbani mambo hayakuwa nafuu. Mama yake hakuwahi kumwita mlevi, lakini alikuwa na njia zake. Akimpa kikombe, akikichukua tena alikipitisha chini ya pua kabla ya kukiosha. Siku moja Chupa aliingia chumbani akamkuta Mama amepiga magoti, nusu ya mwili iko chini ya kitanda. Alitoka na vumbi kwenye nywele na chupa ndogo mkononi, amekodoa macho.

"Na hii?"

"Ifungue."

Mama akaifungua, akanusa kwa nguvu, akaanza kukohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Mafuta ya taa, Mama. Ya kulainishia kikatio. Baba naye alikuwa nayo, au yeye naye alikuwa anapiga maji?"

Mama aliketi kitandani na ile chupa mapajani, akikifunga na kukifungua kizibo. Hakuomba radhi. Kitinda, mdogo wake Chupa, binti wa sekondari asiyejua kunyamaza, alichungulia mlangoni akasema, "Mama, ukimaliza humo njoo utafute na chini ya kitanda changu, nimepoteza kiatu." Wakacheka wote watatu, lakini Chupa alicheka kwa mdomo tu. Kuambiwa mlevi na msimamizi alikuwa amekumeza. Kutafutiwa chupa na mama yake mzazi kulimkwama kooni.

Akaenda zahanati. Tabibu aliyemkuta pale alikuwa na foleni hadi barabarani, na alimtazama kwa muda wa kupiga chafya. Alimwona anaingia akiyumba, akamsikia anavyokokota maneno, akasema bila kuinua kichwa, "Acha pombe, kula vizuri. Anayefuata."

"Hajaingia anayefuata," Chupa alisema. "Mimi bado sijatibiwa."

"Dada, nimekwambia."

"Umeniambia niache kitu ambacho sijawahi kukianza. Nipime. Ukikuta tone la pombe nitaondoka mwenyewe, tena kwa kutambaa, watu wote wa foleni wakinitazama. Usipolikuta, utanieleza nina nini."

Waliokuwa nje walianza kusogeza vichwa mlangoni. Tabibu akampima, pengine ili mradi amtoe pale. Hakukuta kitu. Aligongagonga meza kwa kidole, kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba hili liko juu ya uwezo wake, na kwamba katika hospitali kubwa yuko daktari wa neva. Chupa alimshukuru. Alikuwa na hasira naye, lakini alimshukuru, kwa sababu wengine waliokosea hawakufika hata hapo.

Daktari wa neva alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini na nyundo ndogo ya mpira. Alimkalisha Chupa kitandani miguu ikining'inia, akamgonga chini ya goti. Mguu haukutikisika. Akagonga wa pili, nao ukakaa kama wa meza. Akamwomba asimame, miguu pamoja, afumbe macho.

"Nikifumba nitaanguka," Chupa alimwonya.

"Nitakudaka."

Akafumba, akaanguka, na daktari akamdaka. Kwa kitambo walibaki wamekumbatiana katikati ya chumba kama ndugu waliopotezana. Mtu alikuwa amemwona anaanguka na hakumnusa.

Maswali yakafuata. Ilianza lini? Ilianza na miguu au mikono? Kuna mwingine katika ukoo? Kisha daktari akauliza, "Baba na mama yako walikuwa na undugu kabla ya kuoana?"

"Binamu," Chupa alisema. "Kwani na hilo ni kosa langu?"

"Si kosa la mtu yeyote. Ni njia ya kunionyesha pa kutafuta."

Damu ikachukuliwa, ikapelekwa mbali, na majibu yakakawia mpaka Chupa akawa anawajua wauguzi wa mapokezi kwa vicheko vyao. Yalipofika, daktari alifunga mlango, akavuta kiti akakaa upande ule ule wa meza aliokaa mgonjwa wake.

"Damu yako karibu haina vitamini E kabisa," alisema.

Chupa alimkazia macho. "Vitamini?"

"Ndiyo."

"Nimeitwa mlevi, nimefukuzwa kazi, mama yangu amelala chini ya kitanda kama paka, kwa ajili ya vitamini?" Sauti ilikuwa imepanda. "Si ningekula karanga tu?"

"Ungekula hata gunia, isingesaidia. Tulia nikueleze, halafu utagomba."

Akamweleza. Kila seli ya mwili, alisema, imefungwa ndani ya utando mwembamba mno, na utando huo umejengwa kwa mafuta. Usidhani ni mafuta yaliyoganda kama ya juu ya supu iliyopoa. Haya ni mafuta laini, yanayochezacheza, na ndiyo maana utando unanyumbulika, unapitisha kinachotakiwa na kuzuia kisichotakiwa. Neva zina utando mwingi kuliko karibu kitu kingine chochote mwilini.

"Sasa mwili unapotumia oksijeni kupata nguvu kutoka kwenye chakula, zinazaliwa chembe fulani zisizotulia. Tunaziita radikali huru. Kila moja imepungukiwa na elektroni, na haipumziki mpaka iipate. Inaikwapua wapi? Kwenye yale mafuta laini ya utando, kwa sababu ni rahisi kukwapuliwa. Lakini kipande cha mafuta kilichoibiwa hakikai kikalia. Chenyewe kinageuka mwizi. Kinashika oksijeni, kinamwibia jirani. Jirani anamwibia jirani yake."

"Mpaka mtaa mzima ni wezi," Chupa alisema.

"Mtaa mzima. Na mafuta yakishaibiwa hivyo yanaharibika. Utando unakakamaa, unavuja, na seli ikishindwa kujirekebisha inakufa. Za kwanza kwako ni zile neva ndefu zinazouambia ubongo miguu yako iko wapi. Ndiyo maana ukifumba macho unapotea."

Chupa aliangalia vidole vyake. Chini ya kucha kulikuwa na weupe ambao hautoki hata kwa mswaki. "Puti," alisema.

"Puti?"

"Ule unga wa chokaa tunaokanda na mafuta ya kitani, kushikiza kioo kwenye fremu. Unakuwa laini kama unga wa chapati. Ukipigwa na hewa muda, unakuwa jiwe. Ukizidi unapasuka."

Daktari alitabasamu. "Mafuta ya kitani hukauka kwa njia ile ile. Oksijeni inaingia, mnyororo wa wizi unaanza, laini inakuwa ngumu. Kwenye dirisha ni kazi nzuri. Kwenye neva ni balaa."

"Na wezi hao ninao mimi peke yangu?"

"Hata mimi ninao, sasa hivi ninapozungumza nawe. Lakini ndani ya mafuta yangu amekaa mlinzi, na mlinzi huyo ndiye vitamini E. Mwizi akija, mlinzi anampa elektroni yake mwenyewe, halafu anabaki ametulia, hageuki mwizi. Mnyororo unakatika. Wewe mlinzi unamla kwenye chakula kama watu wote, anafika hadi kwenye ini. Pale ini lina protini ambayo kazi yake ni kumpakia kwenye damu aende kazini. Protini yako haifanyi kazi. Ulirithi maagizo mabovu ya kuitengeneza, nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Wao kila mmoja alikuwa na nakala nzima iliyomtosha, kwa hiyo hawakuugua. Wewe nakala zako zote mbili ni mbovu, na ini lako linamtupa mlinzi nje na takataka."

Miaka yote ile Chupa alikuwa anajiuliza amekosea wapi, kumbe vita vilikuwa vinapiganwa ndani ya kitu kisichoonekana, na hakuna aliyempa habari. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini sasa ilikuwa imepata pa kuelekea.

"Basi nipe huyo mlinzi kwa ndoo," alisema.

"Ndivyo tutakavyofanya. Kipimo kikubwa, kila siku, pamoja na chakula chenye mafuta, maisha yako yote. Kingi kikiingia, kidogo kitapenya hata bila ile protini. Lakini sikudanganyi. Neva zilizokufa hazifufuki. Tunalinda zilizobaki, na kama una bahati utapata nafuu kiasi. Na usiguse sigara, wala usipande ngazi. Jambo lingine: kazi ya vioo ni ya hatari kwako. Tafuta nyingine."

"Dawa nitakunywa," Chupa alisema akiinuka. "Ushauri huo wa mwisho sitaunywa."

Daktari akamuuliza kama ana ndugu wa baba na mama mmoja, na Chupa, aliyekuwa ameshashika kitasa cha mlango, akaketi tena.

Jioni hiyo aliyamwaga yote mezani, mbele ya Mama na Kitinda. Alieleza wezi, akaeleza mlinzi, akaeleza ini. Alipofika kwenye neno kwamba Kitinda naye lazima apimwe damu, Mama aliweka kijiko chini.

"Hapana."

"Mama."

"Nimesema hapana. Wewe umeshasemwa, basi, tumezoea. Unataka na huyu asemwe? Watu watasema damu yetu ina walakini. Nani atamwoa?"

"Mimi nilisemwa kwa sababu hatukujua. Huyu hata wakimsema, watamsema akiwa amesimama wima."

"Haumwi kitu! Mtazame. Anaruka kamba kutwa."

"Hata mimi nilikuwa naruka. Mpaka nilipofumba macho."

"Mimi nipo hapa hapa," Kitinda alisema. "Msinizungumzie kama kabati."

Hawakumsikia. Mama alikuwa amesimama. "Waliotukataza tusioane watacheka," alisema. "Walisema, binamu kwa binamu, mtaona. Baba yenu akasema acha waseme. Sasa wameona. Ni sisi tuliowapa nyinyi ugonjwa huu."

Chupa alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Alizunguka meza akiushika ukingo, kiti kwa kiti, mpaka akamfikia.

"Mlitupa na mikono," alisema. "Baba alinipa mkono wa kukata kioo. Hilo mbona husemi? Hakuna mtu anayechagua cha kuwapa watoto, Mama. Lakini huyu tukimwacha tukijua, hapo tutakuwa tumechagua."

Mama alianza kulia kimyakimya. "Nilikuwa nakunusa," alisema. "Umelala, nakuja nakunusa mdomo."

"Najua. Nilikuwa macho."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka unuse vizuri uone hakuna kitu."

Mama alimshika kichwa, akakibana kifuani kwake kama anataka kumrudisha alikotoka. Kitinda, aliyechoka kusubiri, akasema, "Haya, tunaenda lini? Maana mimi naenda hata mkibaki mnalia." Na walipokwenda, Mama ndiye aliyetangulia kuvaa viatu.

Damu ya Kitinda ilisema kile Chupa alichokuwa anakiogopa. Naye mlinzi hakuwamo. Tofauti ni kwamba goti lake lilipogongwa, mguu uliruka ukakaribia kumpiga daktari, na alipofumba macho alisimama kama nguzo, tena akatoa ulimi. Wezi walikuwa hawajafika mbali. "Huyu tumemuwahi," daktari alisema, na Chupa akatoka nje, akaketi kwenye ngazi za hospitali akalia kwa mara ya kwanza tangu mambo yaanze. Alilia kwa furaha, na alilia pia kwa wivu, na huo wivu hakumficha Kitinda. Walipokuwa wanarudi alimwambia, "Nakuonea kijicho, ujue." Kitinda akamshika mkono. "Nione tu. Ila ukianguka nitakuinua, usije ukasema sikukwambia."

Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na kichupa cha matone ya dawa mezani, kati ya chumvi na sukari. Mama aligeuka askari. Hakuna aliyenyanyuka mezani kabla hajameza, na chakula kisichokuwa na mafuta alikirudisha jikoni kama kilichooza.

Chupa alipoona mikono imeanza kutii kidogo, alikwenda karakana. Alikwenda mchana, watu wakiwa barabarani, na fimbo mkononi, maana alikuwa amechoka kujitia hamnazo kwa kushika kuta.

"Shikamoo, Baba Mdogo. Nimekuja kazini."

Baba Mdogo alipigwa na butwaa. "Marahaba. Lakini Mama yako amenieleza. Daktari amesema…"

"Daktari amesema nisipande ngazi, na sitapanda. Sitabeba kioo barabarani. Nitakaa kwenye meza ya baba, nikate. Nyinyi mtapanda, mimi nitakata."

"Na ukijikata?"

"Wewe umejikata mara ngapi? Tulikufukuza?"

Akavuta kiti kirefu, akaketi. Akalaza kioo kwenye blanketi, akabana rula kwa vibano viwili vya seremala isicheze, akachovya kikatio kwenye mafuta ya taa. Ilibidi autazame mkono wake kila nukta, maana ukiachwa bila kutazamwa ulikuwa unajiendea. Akachora mstari. Sauti ilikwenda vizuri, kriii, halafu katikati ikaruka. Alipobonyeza, kioo kilipasuka kwa pembeni, kipande kirefu kikaanguka sakafuni.

Baba Mdogo alivuta pumzi. "Umeona sasa?"

"Nimeona. Nisogezee pipa la takataka."

Akafagia vipande kwa brashi, akalaza kioo kingine. Kikapasuka nacho. Jasho lilikuwa linamtoka puani. Baba Mdogo alianza kusema kitu kuhusu hasara, na Chupa akamwambia bila kugeuka, "Nyamaza kidogo, nasikiliza kioo." Cha tatu kilitoa sauti moja, ndefu, bila kuruka. Akakibonyeza kwa vidole gumba, kikaachana kimya, kwa mstari ulionyooka.

Baba Mdogo alikichukua, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole chake karibu na ukingo bila kuugusa. Kisha akaenda kutafuta fremu yake.

Haikuwa kama zamani. Zipo siku alizovunja vingi kuliko alivyokata, akarudi nyumbani akiwa hataki kusemeshwa. Lakini kuyumba kuliacha kuongezeka. Mwaka ulipopinduka ulimi ulikuwa mwepesi kidogo, na vidole vilijua njia. Fimbo ilibaki. Uso aliuosha kwa kitambaa, amekaa, macho wazi.

Yule msimamizi wa ujenzi alifika karakana siku moja kuagiza vioo vya ghorofa ya pili. Alisimama mlangoni, jua likiwa nyuma yake, hakumwona aliyekaa kwenye kona ya meza. "Yule mlevi wenu mlimfukuza?" alimuuliza Baba Mdogo.

Na Baba Mdogo, mtu wa kuogopa maneno ya watu, akavuta pumzi akasema, "Hapa hajawahi kufanya kazi mlevi. Kama unamtaka fundi wangu, yule pale."

"Vioo vyote vya ghorofa yako ya chini nimevikata mimi," Chupa alisema kutoka kwenye kona. "Kama hutaki vya mkono wangu, kavivunje uanze upya. Kama unavitaka, nipe vipimo, na safari hii usikosee upana."

Msimamizi alikohoa, akatafuta mfukoni, akatoa vipimo. Samahani hakuomba, wala Chupa hakuingoja. Alikuwa na kazi.

Kwa daktari alikuwa anakwenda kila alipopangiwa. Kila safari daktari alimgonga magoti, akamtazama macho kwa kurunzi ndogo, na kila safari alimuuliza kama ameshafikiria kazi nyingine. Kila safari Chupa alijibu, "Nafikiria," kwa sauti ya mtu asiyefikiria chochote.

Safari moja alimkuta daktari amehamia chumba kingine, chenye dirisha lililopasuka pembe hadi pembe na kuzibwa kwa plasta ya vidonda. Upepo ulikuwa unaingia, karatasi zinapeperuka. Daktari alikuwa amezibana kwa nyundo yake ya mpira.

"Hii ni aibu," Chupa alisema. "Hospitali nzima mnaziba kioo kwa plasta?"

"Tumeomba kitengenezwe. Tunasubiri."

Chupa akafungua mkoba, akatoa tepu ya kupimia. Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, akakivuta mpaka chini ya dirisha, akaegemeza fimbo ukutani. Akashika mwanzo wa tepu kwenye kona ya chini ya fremu na kumnyooshea daktari ule mwisho mwingine.

"Juu mimi siendi, uliniambia mwenyewe," alisema. "Panda kwenye kiti chako, daktari. Shika pale kwenye kona. Usitikisike."

Daktari alivua viatu, akapanda.